Hesabu Iliyomwangusha Jogoo

Kila nikifundisha uchaguzi wa Kenya wa 2002 huanza kwa kuwauliza wanafunzi: chama tawala cha KANU kilikataliwa na wananchi mwaka gani? Wengi hunijibu bila kusita kwamba ni 2002. Hapo huandika ubaoni matokeo ya 1992. Daniel arap Moi wa KANU asilimia 36, Kenneth Matiba 26, Mwai Kibaki 19, Jaramogi Oginga Odinga 17. Karibu watu wawili katika kila watatu waliopiga kura walimtaka mtu mwingine Ikulu, na Moi akaapishwa. Mwaka 1997 mambo yakawa yale yale: Moi akapata kama asilimia 40, wapinzani wakagawana zilizobaki.

Ndiyo maana siridhiki na maelezo kwamba mwaka 2002 Wakenya waliichoka KANU. Walikuwa wameichoka kitambo. Linalohitaji kuelezwa ni jinsi chama kisichotakiwa na wengi kilivyoshinda mara mbili, kisha kikashindwa katika uchaguzi wa tatu.

Tuanze na sheria. Katiba iliyotumika kuanzia 1992 haikumdai mgombea urais zaidi ya nusu ya kura. Ilitosha awazidi wenzake wote, na apate angalau robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Sharti la mikoa lilitetewa kwa jina la umoja wa taifa, na ni kweli lilimlazimu mgombea atafute kura nje ya kwao. Lakini tazama nani alikuwa na miguu ya kufika huko. KANU ilikuwa imetawala tangu uhuru mwaka 1963, na kuanzia 1982 hadi Desemba 1991 ilikuwa chama pekee kilichoruhusiwa na katiba. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, chifu na naibu wake: hao wote walikuwa watumishi wa serikali, na mwananchi wa kijijini hakuona tofauti kati yao na chama. Mpinzani alikuwa na ngome yake moja au mbili. Kwingine alikuwa mgeni anayeomba kibali cha kufanya mkutano.

Kwa sheria ya namna hiyo chama tawala hakina haja ya kupendwa. Kinachokifaa ni wapinzani wawe wengi, na wapinzani wenyewe walikisaidia. FORD, vuguvugu lililotikisa nchi mwaka 1991, lilipasuka kabla ya uchaguzi wa kwanza likawa FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba. Mwaka 1997 Kibaki, Raila Odinga, Michael Wamalwa na Charity Ngilu walisimama kila mmoja na chama chake. Ukijumlisha kura za wanne hao unapata kama asilimia 58. Naomba msomaji aishike namba hiyo.

Mabadiliko yale yale ya katiba ya 1992 yalimwekea rais kikomo cha vipindi viwili. Moi, aliyeingia Ikulu mwaka 1978, alijua kwamba 2002 ni lazima aondoke. Kwa maoni yangu hapo ndipo mtambo wa KANU ulipoanza kukwama, kwa sababu uliundwa kumbakiza mtu mmoja madarakani na hakuna aliyewahi kuujaribu katika kurithisha.

Moi alitumia mbinu aliyoijua vizuri, ya kummeza mpinzani. Machi 2002, katika mkutano mkubwa wa Kasarani, Nairobi, chama cha Raila cha NDP kilivunjwa na kuingizwa KANU, na Raila akawa Katibu Mkuu. Aliyeondolewa kwenye kiti hicho, Joseph Kamotho, alikuwa mtetezi wa chama wa miaka mingi. Manaibu wenyeviti wanne walitajwa: Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi, Katana Ngala na Uhuru Kenyatta. George Saitoti, Makamu wa Rais wa nchi, hakuwemo. Siku ile wengi waliona KANU imekuwa kubwa kuliko wakati wowote tangu vyama vingi virudi. Ukubwa wenyewe ndio uliokuwa hatari, kwa maana sasa ndani ya nyumba moja walikuwamo watu wanne au watano, kila mmoja akiamini kwamba urithi ni wake.

Miezi minne baadaye Moi akamtaja Uhuru kuwa mrithi wake. Alikuwa na miaka 40, mwana wa rais wa kwanza, na mwaka 1997 alikuwa ameshindwa kupata kiti cha ubunge cha Gatundu Kusini. Bungeni aliingia kwa kuteuliwa. Waliomtumikia Moi kwa miaka mingi waliambiwa wasubiri nyuma ya kijana huyo. Wakakataa, wakaunda kundi la Rainbow ndani ya chama na kudai wajumbe wachague mgombea kwa kura ya siri. Saitoti akafutwa umakamu mwishoni mwa Agosti.

Tarehe 14 Oktoba, Kasarani palikuwa na wajumbe wa KANU wakimthibitisha Uhuru. Siku hiyo hiyo, katika bustani ya Uhuru Park, walioasi walisimama mbele ya umati pamoja na upinzani wa zamani, na Raila akatamka maneno mawili ambayo Kenya nzima ingali inayakumbuka: "Kibaki tosha!" Siku chache baadaye ukazaliwa muungano wa NARC. Kibaki, Raila, Wamalwa, Ngilu: wale wanne wa 1997, wenye asilimia 58, sasa walikuwa jukwaa moja. Tena walikuwa na Saitoti na Musyoka, waliojua KANU inavyofanya kazi kutoka ndani.

Desemba 27 Kibaki alipata asilimia 62, Uhuru 31. Tofauti na jumla ile ya 1997 ni ndogo kiasi kwamba kila nikiitazama hunishangaza.

Kuna jambo lingine ambalo naona halisemwi vya kutosha. Uhuru aliteuliwa kwa matumaini kwamba angeigawa kura ya Wakikuyu, ngome ya Kibaki. Kwa kiasi fulani aliigawa: katika Mkoa wa Kati, ambako Moi mwaka 1997 hakufikisha hata moja ya kumi ya kura, Uhuru alipata karibu asilimia 30. Ila wagombea wawili wakubwa walipotoka jamii moja, silaha kuu ya KANU ilibutuka. Kwa miaka kumi chama kilikuwa kimewatisha watu wa Pwani, Magharibi na Bonde la Ufa kwamba upinzani ukishinda, Wakikuyu watarudi kutawala. Mwaka 2002 hofu hiyo haikuwa na mahali pa kukimbilia, kwa kuwa huku Mkikuyu na kule Mkikuyu. Mpigakura wa Pwani alibaki na swali rahisi zaidi, kama anataka mabadiliko au hataki. Moi alikuwa amepata zaidi ya nusu ya kura za Pwani mwaka 1997. Uhuru aliambulia thuluthi. Mikoa iliyobaki na jogoo, nembo ya KANU, ilikuwa miwili tu, Bonde la Ufa na Kaskazini Mashariki. Mudavadi, aliyerudi KANU akapewa umakamu wa rais mwezi Novemba, alipoteza hata kiti chake cha ubunge cha Sabatia.

Wengine huutaja uchumi: barabara mbovu, kazi hakuna, kashfa ya ufisadi ya Goldenberg. Yote ni kweli, na ahadi ya NARC ya elimu ya msingi bila malipo iliwagusa wazazi wengi sana. Lakini shida zilikuwapo 1992 na 1997 pia. Zinaeleza hasira ya watu, hazielezi kwa nini safari hii hasira ilizaa ushindi.

Kuhesabu kura kuna uzito zaidi. Zamani masanduku yalisafirishwa hadi kituo cha kuhesabia cha eneobunge, na njiani ni wachache walioweza kuapa yametokea nini. Mwaka 2002, chini ya Tume ya Uchaguzi iliyoongozwa na Samuel Kivuitu, kura zilihesabiwa pale pale zilipopigwa, mawakala wakiangalia. Na chifu aliyezoea kukipigania chama alijua kwamba, vyovyote itakavyokuwa, Mzee Moi anaondoka mwisho wa mwaka. Sioni kwa nini angejiingiza matatani kwa ajili ya bosi anayefunga mizigo.

Uhuru alikubali kushindwa hata kabla matokeo yote hayajatangazwa, jambo ambalo nalihesabu kuwa heshima kubwa kwake. Kibaki aliapishwa Desemba 30 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, baada ya ajali ya gari iliyompata katikati ya kampeni. Machifu na wakuu wa wilaya waliamka siku iliyofuata wakiwa na serikali nyingine ya kuitumikia, na KANU ikabaki na wanachama wake tu. Tangu siku hiyo jogoo hajaonekana tena kwenye karatasi ya kura ya urais.