Tairi za Pikapu ya Kikundi: Chagueni kwa Njia ya Kila Siku



Kuna vikundi ambavyo vimejinyima, shilingi kwa shilingi, vikanunua pikapu ya kupeleka mazao sokoni. Mwanzoni mambo huenda vizuri. Halafu tairi zinaisha, na mkutano unaitishwa. Hapo ndipo maneno huanza. Vijana wanataka zile tairi zenye meno makubwa kama za magari ya safari, ndiyo tusikwame tena kwenye matope. Mweka hazina anataka za bei ya chini. Dereva naye ana zake ambazo ameziona kwa rafiki.

Jambo hili si dogo. Pesa za tairi nne zinaweza kumaliza akiba ya miezi mingi. Tena pikapu hiyo hiyo ndiyo huamshwa usiku kumpeleka mama mjamzito hospitalini. Kwa hivyo tumeona tulieleze polepole, ili kikundi kiamue kikijua kinachonunua.

Tairi ni za aina tatu

1. Tairi za barabara kuu. Ubavuni huandikwa H/T. Meno yake ni madogo na yamekaribiana. Zinashika lami vizuri, hazina kelele na hudumu. Lakini kwenye matope mazito meno hujaa udongo upesi na tairi huzunguka bure.

2. Tairi za njia zote. Huandikwa A/T. Meno yake ni makubwa kiasi na yana nafasi katikati. Hizi zinaenda lami, zinaenda maramu, na matope ya kawaida zinapita.

3. Tairi za matope. Huandikwa M/T. Meno ni makubwa sana na yametengana, ili udongo utoke tairi inapozunguka. Kwenye matope ni nzuri kweli. Lakini kwenye lami mpira unaogusa barabara ni kidogo. Mvua ikinyesha, gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama dereva akikanyaga breki. Tena hula mafuta zaidi, hupiga kelele, na meno huisha haraka.

Pimeni njia yenu kwanza

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kununua tairi kwa ajili ya siku moja mbaya, na kusahau siku zingine zote. Kabla ya kwenda dukani, mwambieni dereva aandike kilomita za safari ya kawaida: lami ngapi, maramu ngapi, na udongo mtupu ngapi.

Tuchukue mfano wa kikundi ambacho soko lake liko kilomita 40. Kilomita 3 ni udongo, 9 ni maramu na 28 ni lami. Kwenda na kurudi ni kilomita 80 kwa siku. Wakifanya kazi siku 25 kwa mwezi, mwaka mzima ni kilomita 24,000, na sehemu kubwa ni lami.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme A/T moja ni shilingi 18,000, na zitadumu kilomita 60,000. Tairi nne ni shilingi 72,000, yaani shilingi 1.20 kwa kila kilomita. Tuseme M/T moja ni shilingi 24,000, na kwenye lami nyingi hivyo zitadumu kilomita 40,000. Nne ni shilingi 96,000, yaani shilingi 2.40 kwa kilomita. Tofauti ya mwaka ni shilingi 28,800, bila kuhesabu mafuta. Hizi ni namba za mfano tu. Wekeni bei za duka lenu na kilomita za gari lenu, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo.

Kwa kikundi kama hiki, A/T ndizo zinazofaa. Kama gari lenu halitoki kwenye lami, H/T zinatosha. Na kama linashinda msituni au kwenye mashamba yenye matope kutwa, hapo M/T zina kazi.

Na zile kilomita 3 za udongo?

Mtauliza, mvua za Machi hadi Mei zikija tutafanyaje? Kwanza, jueni kwamba udongo haufanani. Ule mweusi wa pamba, kama wa Mwea au nyanda za Kano, hunata na kujaza hata meno makubwa. Ukilowa sawasawa, tairi ya bei yoyote inaweza kushindwa. Tena gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu haliwi la magurudumu manne kwa sababu ya tairi.

Pili, mara nyingi si kilomita 3 zote zinazokwamisha gari. Ni mahali pawili au patatu maji yanaposimama. Wanachama wakitoka na majembe siku mbili kabla ya mvua, wakachimba mtaro wa kutoa maji na kumwaga maramu pale pabaya, watasaidia gari na kila mtu anayepita njia hiyo. Minyororo ya kufunga kwenye magurudumu pia husaidia, lakini ifunguliwe kabla ya kufika lami.

Namba za ubavuni

Msinunue tairi kabla ya kusoma ubavu wake. Chukueni mfano wa tairi iliyoandikwa 195R14C 106/104R. Maana yake ni hii:

195 ni upana wa tairi kwa milimita. R ya kwanza ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, inayoitwa radial. 14 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. C ni tairi ya gari la mizigo. 106 ni uzito inaoweza kubeba, kilo 950 tairi ikiwa peke yake upande mmoja. 104 ni kilo 900 kila moja, zikifungwa mbili mbili. R ya mwisho ni mwendo, mwisho kilomita 170 kwa saa. Huo ni uwezo wa tairi, si ruhusa ya kukimbia!

Angalieni sana namba ya uzito. Gunia 20 za viazi za kilo 50 ni tani moja. Ukiongeza uzito wa gari lenyewe, magurudumu mawili ya nyuma yanaweza kubeba kilo 1,600, yaani 800 kila moja. Tairi ya gari dogo yenye namba 91 hubeba kilo 615 tu. Inaweza kuingia kwenye rimu vizuri na ikapendeza, lakini siku ya mzigo itapata moto na kupasuka.

Msiongeze ukubwa pia bila kumuuliza fundi. Tairi kubwa kuliko ile ya gari hudanganya saa ya mwendo, gari hupungua nguvu mlimani, na tairi inaweza kukwaruza mwili wa gari usukani ukikatwa.

Tairi ina umri

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini tairi huzeeka hata ikiwa stoo. Kiwanda cha Nairobi kilichokuwa kikitengeneza tairi za Yana kilifungwa mwaka 2016, na tairi nyingi madukani zinatoka nje. Zimekaa melini, zimekaa bohari. Basi tafuteni ubavuni neno DOT na namba nne za mwisho. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Ikiwa mwenye duka anawauzia "mpya" ya miaka sita iliyopita, mwachieni.

Za mtumba ziogopeni zaidi. Meno yanaweza kuwa mazuri na ndani nyuzi zimekatika. Tairi yenye nyufa au uvimbe ubavuni si ya kubeba watu.

Kuzitunza

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kufuata kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Mara nyingi kuna kipimo cha gari tupu na kingine cha mzigo. Kwenye mchanga, kama kuvuka mito mikavu ya Ukambani, kupunguza upepo husaidia. Lakini bila pampu garini msijaribu, kwa maana tairi yenye upepo kidogo ikikimbizwa kwenye lami hupasuka.

Zungusheni tairi za mbele na nyuma kila baada ya kilomita 10,000 hivi, ziishe sawa. Pesa zikitosha mbili tu, mpya zifungwe nyuma, kwa sababu gari likiteleza nyuma ni vigumu kulirudisha. Na katikati ya meno kuna vijivimbe vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Meno yakifika sawa navyo, tairi imekwisha, hata kama dereva anasema bado inasukuma mwezi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Gari letu linatembea kilomita ngapi za lami, maramu na udongo kwa wiki?
2. Tairi zetu zinaruhusu kilo ngapi, na sisi tunapakia ngapi?
3. Nani anapima upepo, na anaandika wapi?
4. Tunaweka shilingi ngapi kila safari, ili siku ya tairi mpya isitukute mikono mitupu?