Folda imejaa gemu nusunusu? Kata hadi ubaki na moja inayoisha

Fungua laptopu yako uangalie ile folda ya miradi. Kuna 'gemu1', kuna 'gemu mpya', kuna 'gemu mpya kabisa', na pengine kuna moja inaitwa 'hii sasa ndiyo yenyewe'. Katika hizo zote, ni ngapi ambazo mtu mwingine, si wewe, amewahi kuzicheza kutoka mwanzo hadi mwisho?

Kama jibu ni sufuri, usijikunje. Uko na wenzako wengi, na baadhi yao walikuwa na ofisi na mishahara. Gemu ya Duke Nukem Forever ilitangazwa mwaka wa 1997 na ikatoka 2011. Pesa zilikuwepo, wachoraji walikuwepo, na bado miaka 14 ikapita. Mwaka mmoja tu baada ya tangazo walihama kutoka injini moja ya gemu hadi nyingine, na kila washindani walipotoa kitu kikali zaidi, wao nao wakataka kukiongeza kwenye yao. Kama ushawahi kutupa mradi wa Unity ukaanza upya kwa Godot kwa sababu uliona video moja YouTube, wewe na hao jamaa ni damu moja.

(Sawa, mwaka wa 2023 wengi waliohama Unity walikuwa na sababu. Kampuni ilitangaza kwamba itawatoza waundaji kulingana na mara ambazo gemu yao imepakuliwa na kuwekwa kwenye kifaa, watu wakapiga nduru, na mwaka uliofuata mpango huo ukafutwa. Lakini gemu yako ina wachezaji wangapi? Hiyo ada isingekugusa hata kidogo.)

Anayeunda gemu kama hobi ana shida ambayo hao wa ofisini hawana. Hakuna bosi wa kukuuliza kazi imefika wapi. Hakuna mshahara mwisho wa mwezi. Unaketi saa tatu usiku baada ya kushinda dukani, kwa mjengo ama kwa lekcha, tokeni za stima zinahesabika, bando linakaribia kuisha, na mama ameshakuuliza mara tatu hiyo kompyuta italeta unga lini. Swali lake si baya. Kila saa unayoketi hapo ni saa ambayo hukuenda kusaka chapaa, na unajua hivyo. Ndiyo maana gemu ikikwama inauma kuliko vile hobi inavyopaswa kuuma.

Na huwa inakwama mahali palepale. Wiki ya kwanza ni tamu. Mhusika wako anaruka kwa mara ya kwanza, unamwita kila mtu kwa nyumba aje aone kijisanduku cha rangi ya machungwa kikirukaruka. Wiki ya tatu unaanza kukutana na mambo ambayo hakuna mtu huyaota. Menyu. Kuhifadhi alama ili mtu akirudi kesho azikute. Kitufe cha kuzima sauti. Skrini za simu ambazo kila moja ina umbo lake, hivi kwamba kwa simu ya jirani kitufe cha kuruka kimejificha nyuma ya kamera. Hapo katikati ndipo wazo jipya hutokea, limejipamba kama bibi harusi. Wazo jipya ni safi siku zote. Haliwezi kuwa na hitilafu kwa sababu halina hata mstari mmoja wa msimbo.

Sasa wale wauzaji wa motisha huko TikTok watakwambia amka saa kumi usiku, oga maji baridi, jiambie kwenye kioo kwamba wewe ni simba. Jaribu ukitaka. Kile ambacho kimechunguzwa kinaelekea upande mwingine. Teresa Amabile na Steven Kramer walichapisha kitabu mwaka wa 2011 kuhusu wafanyakazi 238 wa kampuni saba nchini Marekani ambao waliandika shajara kila siku ya kazi. Zilikusanywa karibu 12,000. Walipozisoma, waligundua kuwa jambo lililoinua moyo wa mtu kazini kuliko lingine lolote ni kuona kazi yenye maana kwake imesonga mbele siku hiyo, hata kama ni hatua ndogo. Sifa na bonasi zilikuja nyuma ya hilo.

Kwa hivyo ukingoja moyo uchangamke ndipo ufungue laptopu, utangoja sana. Lazima kazi yenyewe uipange ili kila usiku kitu fulani kisogee, na ukione kimesogea.

Kuna jamaa namjua huko Umoja anayeuza kava za simu mchana na kuunda gemu usiku. Ameniomba nisimtaje jina kwa sababu wateja wake watamsumbua. Alianza na ndoto ya Nairobi nzima: matatu za kila sacco, grafiti unachagua mwenyewe, karao, mbio za Thika Road, mvua na mafuriko. Aliandika hayo yote, yakafika kurasa 22. Baada ya miezi minane alikuwa na hizo kurasa 22 pamoja na mat moja iliyokuwa ikielea hewani kidogo, juu ya barabara isiyo na mwisho.

Alichofanya baadaye ndicho kilinifanya niandike makala haya. Alijiuliza, katika hizo kurasa 22, ni kitu gani kimoja ambacho kingemfanya mtu acheke hata kama vingine vyote havipo? Akakipata: makanga anakusanya nauli. Basi. Mat ina abiria 14 na wewe ndiye makanga. Mwingine anakupa noti ya elfu asubuhi na mapema. Mwingine anakwambia ashalipa na wewe hukumbuki. Mwingine amejifanya amelala. Kabla ya kufika tao lazima uwe umekusanya nauli ya wote na kurudisha chenji sawasawa, la sivyo dereva anakukata mshahara. Raundi moja ni dakika tatu. Barabara hata huioni, unaona viti tu. Mbio za Thika Road zilikufa, mvua ikafa, na ile mat iliyokuwa ikielea haina tena haja ya kutua kwa sababu hatuioni kutoka nje.

Ninampa maksi kwa kukata. Watu hudhani kukata ni kushindwa, kumbe wachache sana wana ujasiri wa kufuta ukurasa walioupenda. Ana tabia nyingine nimeipenda pia. Kabla ya kuzima laptopu anaandika kwenye daftari kazi ya kesho, ndogo kabisa, kitu kama 'abiria wa dirishani anyanyue mkono'. Akirudi kesho yake amechoka, hana haja ya kufikiria aanzie wapi, anasoma mstari na kuanza. Stima ikipotea anachora nyuso za abiria kwa penseli. Godot, injini anayotumia, ni ya bure na ukishaipakua haidai intaneti, kwa hivyo bando likiisha kazi haisimami.

Nikitaja gemu za mtu mmoja, lazima mtu ataniletea habari za Stardew Valley. Ni kweli, Eric Barone aliiunda peke yake. Michoro, muziki, msimbo, hadithi, vyote ni yeye. Ilitoka Februari 2016 na imeuza zaidi ya nakala milioni 20. Lakini soma hadithi yote. Ilimchukua takriban miaka minne na nusu, akifanya kazi karibu saa 10 kwa siku, huku akipata pesa kidogo kwa kuwaelekeza watazamaji viti kwenye ukumbi wa maonyesho Seattle, na mpenzi wake akisaidia kulipa bili. Alianza akidhani ni mradi mdogo wa kujinoa ili apate kazi. Kama una miaka minne na nusu, na mtu wa kukulipia keja, endelea. Karibu na sisi kuna Olivier Madiba wa Kameruni, ambaye alianza kuiwazia Aurion mwaka wa 2003 akiwa kijana, na gemu ikatoka 2016 baada ya kufungua studio ya Kiro'o Games jijini Yaoundé na kuchangisha pesa mtandaoni. Miaka 13. Namheshimu sana, lakini simtumii kama kipimo cha mtu ambaye hajawahi kumaliza hata gemu moja ya dakika tatu.

Upande wa pili kuna Dong Nguyen wa Vietnam. Flappy Bird aliiunda kwa siku chache mwaka wa 2013: kidole kimoja, ndege mmoja, mabomba. Mwanzoni mwa 2014 dunia nzima ilikuwa inaicheza, mpaka yeye mwenyewe akaona imezidi akaiondoa Februari. Sisemi utakuwa Nguyen. Nasema gemu yake ilikuwa imeisha, ndiyo maana kulikuwa na kitu cha watu kucheza.

Derek Yu, aliyeunda Spelunky, aliandika mwaka wa 2010 kwamba kumaliza ni ujuzi wa kipekee, unaojifunza kwa kumaliza vitu. Ukianza gemu kumi unakuwa hodari wa kuanza. Ukitaka kujifunza huo mwingine kwa haraka, tafuta mashindano ya wikendi. Global Game Jam imekuwepo tangu 2009, hufanyika kila Januari, na kwa desturi unapewa saa 48. Kitu utakachotoa kitakuwa kibaya. Lakini Jumapili jioni kitakuwa kimeisha, na utajua hisia hiyo inafananaje.

Kuhusu kutangaza. Tunapenda kuweka bango Instagram, 'inakuja hivi karibuni', kabla hata mhusika hajapata miguu. Mwaka wa 2009 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walipima jambo hili kwa wanafunzi, na wale ambao nia yao ilijulikana na mtu mwingine walifanya kazi kidogo kuliko wale waliokaa kimya. Ukishaitwa 'msanii wa gemu' na watu 60 kwenye komenti, ubongo unahisi umefika. Kwa hivyo usiwape bango, wape simu washike wacheze. Na wewe kaa pembeni unyamaze. Mtoto wa jirani akikwama kwenye menyu na kukuuliza 'sasa nafanya nini?', umepata kazi ya usiku huo bila kutafuta motisha popote.

Kuna miradi inayostahili kufa pia. Kama uliianza ili ujifunze jinsi kamera inavyomfuata mhusika, na ukajifunza, izike kwa heshima na usiihesabu kama deni. Tatizo ni ile ambayo hujaizika na pia huigusi. Hiyo inakaa hapo ikikutazama kila ukifungua laptopu.

Jamaa wa Umoja amefika kwenye hatua ambayo si ya uundaji tena. Kufungua akaunti ya Google Play ni dola 25, kama shilingi 3,200, unalipa mara moja tu. Halafu kwa akaunti mpya ya mtu binafsi, Google inataka angalau watu 12 waijaribu gemu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kukuruhusu kuitoa kwa umma. Wiki jana alikuwa na tisa. Wa kumi aliyeahidi kujiunga ni makanga wa kweli wa mat za huko kwao, ambaye ameshalalamika kwamba abiria wa kwenye simu wanalipa haraka kuliko wake, na ametaka aongezwe mmoja wa kushukia njiani bila kulipa.