Fahamu: Taarifa zinazojificha ndani ya picha
Desemba 2012, jarida la Vice lilichapisha mtandaoni picha ya John McAfee, tajiri wa programu za kuzuia virusi, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize kwa mahojiano. Picha haikutaja alipo. Faili lilitaja: simu ilikuwa imehifadhi vipimo vya GPS, navyo vilionyesha Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa huko.

Hiyo ndiyo metadata. Saa, lenzi na mahali kamera hujiandikia yenyewe kwa mfumo wa EXIF. Jina la aliyepigwa, tukio na mwenye hakimiliki huandikwa na mtu (akikumbuka!), katika nafasi zilizopangwa na IPTC, shirika la viwango vya habari lililoanzishwa mwaka 1965.

Wakutubi wana kibarua kigumu zaidi. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kinahifadhi Mkusanyo wa Winterton: zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960. Picha iliyoorodheshwa “Tanganyika” pekee humpita anayetafuta “Tanzania”, hadi mkutubi aongeze jina jipya bila kufuta la zamani.

Mpiga picha naye ajihadhari na WhatsApp: picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa nyingi. Ikitumwa kama hati, hufika nazo.