Moyo Mzito na Ladha ya Chakula

Ninyi mlio madarasani Singida mjini, Iramba, Manyoni na Ikungi, wekeni kalamu chini kwanza, msikilize. Mwisho wa somo tutaandika.

Leo tutajibu swali hili: Kwa nini mtu mwenye huzuni kubwa husema kwamba chakula hakina ladha?

Tuseme mama mmoja amefiwa na mumewe, na mvua nazo zimekataa, uwele umekauka shambani. Binti yake ampikia ugali wa uwele na mlenda, kama siku zote. Mama aonja, kisha asema, "Mwanangu, umesahau chumvi." Binti aongeza. Mama asema, "Bado." Wengine wanakula chakula kile kile, nao waona chumvi imezidi. Je, nani mwenye kosa? Hakuna.

Kwanza tujue jinsi mtu anavyoonja. Ulimi una vinundu vidogo vingi, na ndani yake mna chembe za kuonja. Chembe hizo hutambua ladha tano: utamu wa asali, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu wa mwarobaini, na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908. Chakula hulowa mate, chembe hupata habari, na habari hupita katika mishipa ya fahamu hadi ubongoni.

Pua nayo husaidia. Jaribuni: ziba pua, weka asali ya Manyoni ulimini. Utaonja utamu tu. Achia pua, na harufu ya maua ya porini itakujia.

Basi, huzuni huingia wapi? Huingia kwa njia tatu.

Ya kwanza ni mate. Mtu mwenye wasiwasi hukaukwa na kinywa, na chakula kikavu hakionjeki vizuri.

Ya pili ni wajumbe wa mwili. Mwilini mna kemikali zinazopeleka habari, na mojawapo huitwa serotonini. Hiyo inahusika na hali ya moyo, na pia na kuonja. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwapa watu wenye afya dawa ya kuongeza nguvu ya serotonini. Watu hao wakatambua sukari na uchungu hata vilipokuwa vichache kuliko mwanzo. Tena, waliokuwa na wasiwasi zaidi ndio waliokuwa wazito wa kutambua uchungu na chumvi.

Ya tatu ni furaha. Ulimi waweza kuonja sawasawa, lakini ubongo ulioshikwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, haufurahii. Asali ni tamu, lakini haina raha.

Hatari yake ni nini? Mwenye kuongeza chumvi kila siku hujiletea shinikizo la damu. Asiyekula hudhoofika. Mwingine hula vitu vitamu kupita kiasi. Na nyumbani huzuka ugomvi na mpishi asiye na kosa.

Tumsaidieje? Mpe chakula kidogo kidogo, mara nyingi. Mpe maji ya kutosha. Kamulia ndimu badala ya kuongeza chumvi. Usimwache ale peke yake.

Lakini angalieni: mafua, UVIKO-19, meno mabovu na baadhi ya dawa pia huharibu ladha. Kwa hiyo mpelekeni zahanati apimwe. Huzuni ikizidi majuma mawili, naye halali vizuri wala hapendi tena kazi na watu, huenda ni sonona. Huo si uvivu, wala si kulogwa. Ni ugonjwa, nao hutibika. Zahanati yaweza kumpeleka hospitali ya mkoa, au hata Mirembe, Dodoma. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Sasa shikeni kalamu, mwandike majibu:

1. Taja ladha tano.
2. Kwa nini kinywa kikavu hakionji vizuri?
3. Mzee wa nyumbani kwako asema kila chakula hakina chumvi. Utafanya nini?