Kabla Hujaing'oa OneDrive

Watumiaji wengi wa Windows hawakumbuki ni lini walisakinisha OneDrive, kwa sababu hawakuisakinisha. Huja pamoja na Windows 10 na Windows 11, na mwenye kompyuta akishaingia kwa akaunti yake ya Microsoft, huanza kazi bila kelele. Baada ya miezi kadhaa ujumbe hutokea pembeni mwa skrini: gigabaiti 5 za bure zimejaa, lipia nafasi zaidi. Hapo mtu hukasirika. Mmoja huenda kwenye orodha ya programu na kuiondoa papo hapo. Mwingine huanza kwa kuifuta folda yake yote, akidhani anafanya usafi. Huyu wa pili ndiye anayeingia hasarani.

Kazi ya OneDrive na programu za aina yake, kama Dropbox na Google Drive, ni kusawazisha. Drew Houston na Arash Ferdowsi walianzisha Dropbox mwaka 2007 kwa wazo jepesi: folda moja inayofanana katika kila kompyuta ya mtu yule yule. Programu huiangalia folda hiyo muda wote. Ukibadilisha faili, Dropbox huigawa vipande vya megabaiti 4, hukipa kila kipande alama ya kihisabati inayotokana na yaliyomo ndani yake, kisha hupeleka kwenye seva vile vipande tu ambavyo alama zake ni mpya. Ufundi huo unaokoa bando na muda. Lakini kwa programu, kufuta nako ni badiliko kama mabadiliko mengine. Haijui kama umefuta picha kwa kuwa umeichoka au kwa kuwa unatafuta nafasi kwenye diski. Hupeleka habari kwenye seva, seva hupeleka habari kwenye simu na kompyuta ya ofisini, na picha hutoweka kote. Kusawazisha na kuweka nakala ya akiba ni kazi mbili tofauti, hata kama matangazo ya biashara yanazitaja kwa pumzi moja.

Mwaka 2017 mambo yalizidi ugumu. Microsoft ilileta katika Windows 10 utaratibu wa faili kushushwa pale tu zinapohitajika, na Dropbox ikatoa wa kwake mwaka huo huo. Tangu hapo, unachokiona ndani ya folda huenda ni jina la faili tu. Jina, tarehe, ukubwa na picha yake vyote vipo, na kumbe maudhui yenyewe yako kwenye seva ya mbali. Unachoshika ni kama risiti ya mzigo uliotumwa kwa basi: inaeleza kila kitu kuhusu mzigo, ila mzigo wenyewe uko stoo ya kampuni. Ukiibofya faili hiyo, Windows hulizuia ombi lako kwa nukta chache, huiamuru OneDrive ishushe maudhui, kisha hukufungulia. Penye intaneti ya kasi hutagundua lolote.

OneDrive huonyesha hali hiyo kwa alama ndogo kando ya jina. Wingu la buluu maana yake faili iko mtandaoni tu. Tiki ya kijani ndani ya duara jeupe maana yake imeshashuka, lakini Windows inaweza kuitoa tena diski ikibanwa. Duara la kijani lililojaa, lenye tiki nyeupe, ni la faili uliyoamuru ikae kwenye kompyuta daima. Asiyeziamini alama afungue sifa za faili asome mistari miwili: ukubwa, na ukubwa kwenye diski. Video ya gigabaiti 2 yenye sifuri kwenye mstari wa pili haipo hapo ulipo. (Jaribu kwa faili kubwa. Faili ya maandishi ya baiti mia chache huweza kuonyesha sifuri ilhali imekamilika, kwa sababu mfumo wa diski wa Windows huyapachika maudhui madogo kama hayo ndani ya jedwali lile lile linalotunza majina.) Kipimo kikali kuliko vyote ni kuzima intaneti na kuifungua faili.

Kuna mtego mwingine, nao ndio unaowanasa wanaoapa kwamba hawajawahi kuweka chochote OneDrive. Programu hii huomba kutunza folda za Desktop, Documents na Pictures, na anayebofya kukubali bila kusoma huwa ameziruhusu zihamie ndani ya folda ya OneDrive. Picha za harusi zinazoonekana mbele ya skrini kila asubuhi zinakaa humo. Kwa hiyo kabla ya yote, ingia kwenye mipangilio ya OneDrive uzime utunzaji huo wa folda. Baadhi ya matoleo, ukishazima, huziacha faili ndani ya folda ya OneDrive na Desktop huonekana tupu. Usitaharuki. Faili zipo, zimebaki zilikokuwa.

Baada ya hapo, mpangilio wa hatua ndio unaoamua kila kitu. Hakikisha diski ina nafasi ya kutosha, bofya folda ya OneDrive kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague faili zihifadhiwe daima kwenye kifaa hiki, halafu subiri hadi mawingu yote ya buluu yaishe. Kusubiri huku si kwa dakika tano. Kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 5 za bure zinahitaji zaidi ya saa mbili, na mwenye gigabaiti 40 anahitaji karibu saa 18. Anayetegemea bando la simu apige hesabu kwanza, au atafute mtandao wa ofisi au bando la usiku.

Zikishashuka, zinakili kwenye folda iliyo nje kabisa ya OneDrive, au kwenye diski ya nje. Nasema zinakili. Ukizihamisha, programu itaona zimetoka kwenye folda yake na itazifuta mtandaoni pia. Linganisha idadi ya faili na jumla ya ukubwa pande zote mbili. Kwa nyaraka nyeti kama hati ya kiwanja au tasnifu, inafaa kwenda mbali zaidi: amri ya certutil iliyomo ndani ya Windows hukokotoa alama ya SHA-256 yenye herufi na tarakimu 64. Alama za faili mbili zikilingana, unaweza kuziamini kuwa ni zile zile hadi biti ya mwisho. Kisha ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari uone kama huko nako vitu vimekamilika. Ndipo utenganishe akaunti na kompyuta, na mwisho kabisa uondoe programu. Kuondoa programu hakufuti kilichoko kwenye seva, na baada ya kutenganisha unaweza hata kuifuta folda iliyobaki bila seva kupata habari.

Google Drive inahitaji tahadhari ya ziada. Novemba 2023 baadhi ya watumiaji wa toleo la 84 la programu yake ya kompyuta waligundua kwamba faili zao za miezi kadhaa hazionekani. Ushauri wa Google uliwashangaza wengi: usitenganishe akaunti, na usifute wala kuhamisha folda ya ndani ya programu. Sababu ni kwamba faili ambazo zilikuwa hazijapanda kwenye seva zilibaki ndani ya folda hiyo iliyofichika, na kutenganisha kungeweza kuzimaliza. Desemba ikatoka zana ya kuzirejesha. Kwa hiyo kabla hujatenganisha, programu iwe imekwambia kwamba kila kitu kimepanda. Na ujue kwamba hati za Google Docs, ukizinakili kwenye flashi, unabeba kiungo tu. Zipakue kwa muundo wa Word au PDF, au tumia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako.

Je, kuna haja ya kuwa na programu hizi? Kwa mtu mwenye laptopu moja inayoweza kuibiwa leo jioni, naona ipo. Kuzitegemea peke yake ndiko nisikokubali. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo, faili yenye wingu la buluu haifunguki, na diski ya nje iliyoko kabatini inafunguka.

Kama umeshafuta folda kabla ya kusoma haya, fungua kivinjari sasa hivi, ingia kwenye akaunti, utazame kwenye pipa la taka. OneDrive ya binafsi, Google Drive na Dropbox ya bure hutunza vilivyofutwa kwa siku 30. OneDrive ya kazini au chuoni kwa kawaida hutunza kwa siku 93.