Mbolea Yako Imekwenda Wapi?

Wakulima wengi huja ofisini wakiuliza, "Nimetia mbolea ya fosfeti, mbona majani ya mahindi yangali na rangi ya zambarau?" Swali hili ni la maana, kwa kuwa mbolea ni fedha, na mkopo hulipwa mahindi yazae yasizae.

Jaribu jambo hili jikoni. Tia chumvi katika kikombe cha maji, ukoroge, uongeze mpaka isiyeyuke tena. Utadhani chumvi iliyo chini imetulia. Sivyo. Chembe nyingine huyeyuka na nyingine hurudi chini, kwa kiasi kilicho sawa. Hali hii huitwa msawazo.

Maji yaliyo katika udongo ni hivyo hivyo. Ndani yake mna chembe za fosfeti, alumini, chuma na kalisi ya chokaa, nazo hushikana na kuachana daima. Uchachu wa udongo ndio huamua nani amshike nani. Hupimwa kwa pH: 7 ni katikati, na kila ukishuka namba moja uchachu huzidi mara 10. Chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka. Huumiza mizizi, tena huikamata fosfeti ikawa kitu kigumu ambacho mmea hauwezi kukinywa. Basi mbolea imo shambani mwako, lakini imefungwa.

Wataalamu wakijua pH na jumla ya kila kitu kilichomo, huweza kukokotoa ni kiasi gani kimefungwa na kiasi gani kiko huru. Siku hizi kompyuta hufanya hesabu hiyo upesi. Lakini hesabu haianzi bila kipimo.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Chukua udongo mahali pengi shambani, kina cha sentimeta 20, uuchanganye katika ndoo safi isiyotiwa mbolea. Peleka kidogo upimwe.

2. Ukiwa mchachu mno, tia chokaa kwa kiasi utakachoambiwa. Usizidishe, kwani pH ikipita 7.5 kalisi nayo huikamata fosfeti.

3. Usichanganye chokaa na salfeti ya amonia. Amonia itageuka hewa, na fedha yako itakwenda na upepo.

4. Shamba la chai usilitie chokaa. Chai hupenda udongo mchachu.

Pima kwanza, ndipo ununue mfuko mwingine.