Saburi na Muhasaba

Igogwe, katika Wilaya ya Rungwe, ni nchi ya vilima na mvua nyingi, ambako migomba, chai, viazi na maparachichi hustawi, na ambako hospitali ya Kanisa Katoliki imekuwa kimbilio la wagonjwa na, kwa vijana wanaokua karibu nayo, mfano wa kila siku wa heshima ya mtu aliyesoma akapata kazi. Mapenzi ya elimu katika wilaya hii hayakuanza jana. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, wakafundisha watu kusoma na kuandika, na tangu zama hizo wazazi wengi wameuza ng'ombe, kahawa na ndizi ili mtoto apate ada. Kwa hiyo kijana arudipo nyumbani na shahada ya ualimu au stashahada ya uuguzi, huwa amebeba, pamoja na cheti chake, deni la mapenzi ya watu wengi. Na akienda katika usaili wa serikali akashindwa, akaenda tena akashindwa, deni hilo humwelemea kuliko umaskini wenyewe. Makala haya yamekusudiwa kwake, na kwa wale wanaoishi naye, ili kueleza mtihani huo ni wa namna gani, kwa nini huwashinda wengi wasio wajinga, na ni saburi ya aina gani imfaayo mtu anayeurudia.

Zamani kila wizara na kila shirika la umma lilitafuta watumishi wake kwa njia yake. Sheria ya Utumishi wa Umma, kwa marekebisho ya mwaka 2007, ilianzisha Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo makao yake sasa yako Dodoma, nayo ikapewa kazi ya kutangaza nafasi, kupokea maombi, kuwasaili waombaji na kuwapangia vituo waliofaulu. Mwombaji hujiandikisha katika mfumo wa mtandaoni ujulikanao kama Ajira Portal, huweka nambari ya kitambulisho chake cha taifa, vyeti vyake, wasifu wake na barua ya maombi yenye sahihi, kisha husubiri jina lake litokee katika orodha ya walioitwa. Hapo huanza mchujo, yaani mtihani wa kuandika. Wanaopita huitwa katika mahojiano ya ana kwa ana, na kwa kazi nyingine hutangulia usaili wa vitendo. Wapo pia wanaofaulu mahojiano lakini nafasi zikawa zimekwisha, nao majina yao huhifadhiwa katika kanzidata ili waweze kupangiwa kazi nafasi nyingine zikipatikana. Kwa walimu usaili ni jambo geni zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi waliajiriwa kwa kuchambuliwa vyeti tu bila usaili, hata idadi ya waliohitimu tangu mwaka 2015 wakingoja ajira ilipozidi mno, ikaonekana kuwa hapana budi nao wasailiwe. Usaili wao ukafanyika katika mikoa yote kuanzia Januari 2025.

Ili mtu auhukumu ushinde wake kwa insafu, kwanza atazame hesabu. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita waombaji zaidi ya 10,000 katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, na nafasi zilizokuwa zikigombewa zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 ikapata maombi 135,027, maana yake kila nafasi moja iliombwa na watu zaidi ya 84. Walimu waliowania nafasi 14,648 katika usaili wa mwaka huohuo walikuwa zaidi ya 200,000. Katika mtihani wa shule mwanafunzi hushindana na alama iliyowekwa, na darasa zima laweza kufaulu. Katika mchujo wa ajira mtu hushindana na watu, na hata kama wote wangekuwa mahodari kama Lukmani katika hekima, wengi wao wangerudi nyumbani bila kazi, kwa kuwa viti havizidi idadi yake. Mtu aweza kupata alama nzuri na asichaguliwe, maadamu waliomzidi kidogo wanatosha kuzijaza nafasi. Jina la mtu linapokosekana katika mkeka, kama vijana wanavyoiita orodha ya matokeo, ushahidi uliopatikana ni mmoja tu, kwamba siku ile, katika maswali yale, wengine walitangulia. Akili yake na thamani yake kama mwanadamu hazikuwekwa mezani kupimwa.

Taabu hii si ya Tanzania peke yake wala si ya zama zetu peke yake. Dola ya China ilichagua maofisa wake kwa mitihani kwa muda wa karne 13 hivi, hata mfumo huo ulipofutwa mwaka 1905, na aghalabu waliorudi mikono mitupu walikuwa wengi mno kuliko waliovaa joho la uofisa. Katika hao namkumbuka Pu Songling, aliyezaliwa mwaka 1640, ambaye alifaulu ngazi ya kwanza angali kijana mbichi, kisha akaujaribu mtihani wa mkoa tena na tena bila kuupata, mpaka alipotunukiwa daraja ya heshima akiwa na umri wa miaka 71. Katika muda huo wote hakukaa bure: alijipatia riziki kwa kufundisha watoto katika nyumba ya tajiri, na akaandika karibu hadithi 500 ambazo husomwa hata leo, ilhali majina ya wengi waliomshinda katika chumba cha mtihani yamesahauliwa. Namkumbuka pia Hong Xiuquan, aliyeshindwa mtihani wa serikali mjini Guangzhou mara nne, mara ya mwisho mwaka 1843, ambaye maradhi na maono yaliyomwandama baada ya kushindwa yaligeuka kuwa uasi, na vita vyake, vilivyokoma mwaka 1864, viliteketeza watu wanaokadiriwa kuwa milioni 20 au zaidi. Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi kuliko fadhaa ya mtu mmoja. Hata hivyo watu hawa wawili, waliopigwa na pigo moja, wanatuonyesha kwamba mtihani hauna mamlaka ya kuamua mtu atafanya nini na miaka inayofuata.

Historia ina somo jingine, nalo lahusu masafa. Waingereza walipofungua utumishi wa serikali ya India kwa mitihani ya ushindani katika karne ya 19, mtihani wenyewe ulifanywa London tu, na Mhindi aliyetaka kuujaribu alilazimika kuvuka bahari kwa gharama yake. Satyendranath Tagore alikuwa wa kwanza kufaulu, mwaka 1863, na haikuwa mpaka mwaka 1922 ndipo mtihani ulipoanza kufanywa India pia. Kijana wa Igogwe aijua shida hiyo kwa kadiri yake. Tangazo la usaili humkumbusha msailiwa kujigharamia chakula, usafiri na malazi, na kutoka Mbeya hadi Dodoma kwa njia ya Iringa ni safari ya kilomita zinazokaribia 600, kwenda tu. Ndiyo maana hatua iliyochukuliwa katika miaka ya karibuni, ya kuusogeza mchujo kwenye vituo vya mikoani na kuufanya kwa kompyuta, yastahili sifa, kwa sababu umaskini wa nauli ulikuwa ukiwachuja watu kabla ya mtihani wenyewe. Lakini hatua hiyo imeleta wajibu mpya: anayekwenda kufanya mtihani wa kompyuta bila kuwahi kuizoea atapoteza dakika zake za thamani akitafuta vitufe, na heri auzoee ufundi huo mapema, hata kwa kuazima kompyuta ya shule au ya ofisi jirani.

Sasa nije katika kiini cha maneno yangu. Watu humwambia aliyeshindwa: vumilia. Nasaha hiyo ni njema lakini haijatimia, kwa kuwa kuna saburi ya namna mbili. Iko saburi ya mtu akaaye akingoja bahati imgeukie, ambaye kila tangazo likitoka hufungua daftari lilelile, husoma kurasa zilezile kwa namna ileile, kisha hustaajabu kupata matokeo yaleyale. Na iko saburi yenye muhasaba, ya mtu anayeketi na nafsi yake baada ya kila ushinde, akaihoji bila kuionea na bila kuipendelea, akajua ni kipi hasa kilichompunguzia alama, kisha akakirekebisha. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nami naona kwamba mhunzi mwenye akili, kabla ya kufua koleo jipya, hulitazama lile la zamani alijue lilikatikia wapi.

Mara nyingi lilikatikia katika namna ya kusoma. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tulichojifunza hutoweka upesi sana katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakafunga karatasi na kujaribu kuiandika yote kwa kumbukumbu. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya juma moja mambo yaligeuka, na waliojijaribu kwa kumbukumbu ndio waliowazidi wenzao. Hapo tunapata siri ya mtu anayesema, "Nilisoma sana, lakini niliingia chumbani nikasahau yote." Kusoma tena na tena humpa msomaji hisia ya kujua, kwa kuwa maneno si mageni tena kwake, ila chumba cha mtihani hakiulizi kama umeyaona maneno, huuliza kama waweza kuyatoa bila kitabu. Basi na afunge kitabu, aandike, ajisahihishe, arudie baada ya siku chache, na akiweza afanye hivyo pamoja na wenzake wawili watatu wanaoulizana maswali kwa zamu.

Muhasaba una milango mingine. Aliyeanguka katika mchujo atazame kama ameishika taaluma yake kutoka msingi, na kama anaijua sheria na maadili ya utumishi wa umma pamoja na kazi za taasisi anayoiomba. Aliyevuka mchujo akaanguka katika mahojiano ana maradhi mengine na dawa nyingine: huyo ajizoeze kusema mbele ya watu, kujibu swali aliloulizwa badala ya lile alilolitamani, na kukiri kwa adabu asilolijua. Na yule ambaye haitwi kabisa akague nyaraka zake, kwa kuwa jina likitofautiana baina ya cheti na cheti bila hati ya kiapo, au barua ikikosa sahihi, jitihada ya miaka yaweza kuzuiliwa mlangoni.

Liko pia neno lipitalo midomoni mwa vijana, kwamba bila koneksheni hapana ajira. Sidai kwamba dhuluma haipo duniani, na mwenye ushahidi wa dhuluma aipeleke panapohusika kwa maandishi. Lakini anayeitolea kila ushinde sababu hiyo moja hujifungia mlango wa muhasaba, maana asiyeamini kwamba juhudi yake ina athari hataitengeneza.

Tena saburi huhitaji chakula. Mtu hawezi kusoma vema akiwa anahesabiwa kila kijiko cha wali, na ardhi ya Rungwe imewapa wana wake rehema ambayo wenzao wa mijini hawana: shamba la maparachichi au chai, ng'ombe wa maziwa, bustani ya viazi. Kulima kwa msimu huku ukisoma kwa ratiba hakukupunguzii shahada yako hadhi. Kadhalika kujitolea kufundisha katika shule au kuhudumia katika zahanati hutunza ujuzi usichakae, lakini wanaompokea kijana anayejitolea wamkumbuke kwa posho ya haki na wasiifanye hisani yake kuwa utumwa.

Na enyi wazazi, mjomba na shangazi, majirani na wazee wa kanisa, nanyi mna sehemu yenu. Msimwulize kijana mbele ya wageni kama "bado tu". Msimlinganishe na mwana wa fulani aliyepata mapema. Mwulizeni faraghani amejifunza nini katika usaili uliopita na ahitaji nini kwa ujao, iwe nauli, iwe saa mbili za utulivu jioni. Aibu haijapata kumfaulisha mtu mtihani wowote.

Kwako wewe unayerudia, neno langu la mwisho ni hili. Matangazo ya ajira huweka ukomo wa umri, aghalabu miaka 45, na maisha hayapaswi kusimama yote yakingojea mkeka mmoja. Panga muda wa kujaribu, jaribu ndani yake kwa nguvu zako zote, na baada ya kila jaribio fanya muhasaba kabla ya kuomba tena. Ukifaulu, watumikie wananchi kwa unyenyekevu, ukiwakumbuka waliokuwa nyuma yako kwa alama moja. Na muda ulioupanga ukiisha bila kufaulu, geukia kazi nyingine ya halali ukiwa na kichwa juu, kwa maana elimu uliyoipata, na nidhamu uliyojijengea katika kuitafuta kazi hii, ni mali yako, wala hapana jopo la usaili liwezalo kukunyang'anya.